Neno Lenye Uso

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Pumwani na Shauri Moyo hata Kaloleni, Makongeni na Dandora, ni vigumu kuona mlango usio na kufuli. Watu hufunga vyumba, hufunga maduka, hufunga hata mapipa ya maji. Kitu kimoja tu huachwa wazi mchana na usiku, nacho ni kinywa. Wahenga waliliona jambo hili zamani, wakasema kwamba ulimi hauna mfupa. Maana yake, hupindika popote utakapo, wala hakuna cha kuuzuia ila akili ya mwenyewe.

Juu ya nguvu ya maneno yapo mawazo mawili yaliyoenea. Wako wasemao kwamba maneno ni upepo tu, yakipita yamepita. Wako na wengine, hasa siku hizi ambapo vipaza sauti vya wahubiri husikika kila pembe siku ya Jumapili, wafundishao kwamba neno ni kama hirizi: mtu akitamka mali, mali itamjia, akitamka cheo, cheo kitamfuata. Mawazo yote mawili yamepotoka. Neno si upepo, kwa kuwa limeua watu na limeokoa watu. Wala si hirizi, kwa kuwa mwenye enzi ni Mungu, si mlio wa sauti ya mwanadamu. Kwa Mkristo neno ni tendo, na kila tendo lina mwenyewe. Ndiyo sababu neno hujenga pale msemaji anapolitamka akiwa ameonyesha uso wake, na huharibu zaidi pale msemaji anapojificha.

Lugha ya Kiswahili yenyewe yafundisha jambo hili. Katika Kiswahili "neno" si sauti peke yake, bali ni jambo pia. Mtu akiulizwa, "Kuna neno gani?" hujibu kwa kueleza tukio, na akisema, "Hapana neno," ana maana kwamba hakuna shida. Kiebrania, lugha ya Agano la Kale, nayo ni vivyo hivyo: neno lao "davar" lina maana ya neno na maana ya jambo. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hapati taabu kufahamu mlango wa kwanza wa Mwanzo, ambapo Mungu asema na jambo linakuwa, pasipo nafasi kati ya kusema na kutenda. Tena Yohana anapoanza Injili yake amwita Kristo Neno, kisha aeleza kwamba Neno huyo alitwaa mwili akakaa kati ya watu. Yaani hata Mungu hakutaka neno lake libaki sauti itokayo mawinguni. Alilipa uso. Watu walimwona, walimgusa, walimwuliza maswali, na waliomchukia walijua pa kumkamata.

Biblia nzima ya tafsiri ya Union, ambayo iliwaletea wasomaji wa pwani na wa bara maneno hayo kwa lugha moja, ilitolewa mwaka 1952. Mwaka uo huo, tarehe 20 Oktoba, Gavana Sir Evelyn Baring alitia sahihi tangazo la Hali ya Hatari katika Kenya. Wakazi wa lokesheni za Nairobi wakaingia katika shule kali ya kujifunza uzito wa neno.

Jambo la kwanza walilojifunza lilikuwa kiapo. Kiapo kilikuwa na vitu vingi vya kuonekana kwa macho, lakini kiini chake kilikuwa maneno. Watu walikusanywa usiku, wakayarudia maneno ya mwapishaji mmoja baada ya mwingine. Wengi wa walioapa walikuwa na malalamiko ya haki: ardhi iliyotwaliwa, kipande, mshahara usiotosha chakula, na chumba kimoja kilicholaliwa na watu wengi. Wengine waliapa kwa hiari, wengine waliapa kwa kulazimishwa. Wote walijua kwamba aliyeyatamka maneno yale amefungwa nayo. Serikali ya kikoloni nayo ilijua hivyo, ndiyo maana ilisimamia sherehe za kuwatakasa walioapa mbele ya jiwe la githathi, ili neno la kwanza livunjwe kwa neno la pili. Hapakuwa na upande wowote ulioona maneno kuwa upepo.

Kati ya pande hizo mbili walisimama Wakristo kadha wa kadha wa Uamsho, ule uliotoka Gahini katika Rwanda na kufika Kabete mwaka 1937. Hao waliitana ndugu. Walikataa kiapo cha msituni wakisema kwamba kinywa kilichopokea kikombe cha Bwana hakiwezi kupokea kikombe kingine. Wengi wao walikataa vilevile kuchukua silaha za Serikali dhidi ya watu wao. Kwa sababu hiyo walitiliwa shaka na pande zote, na baadhi yao waliuawa.

Nguvu ya ndugu hao haikutoka katika kusema kwa sauti kubwa. Ilitoka katika desturi yao moja ambayo watu wengi waliidhihaki. Walikiri makosa yao wazi, kila mtu kosa lake, mbele ya wenzao. Aliyekuwa ameiba kitu kwa mwajiri wake alikirudisha kwa mkono wake mwenyewe. Aliyekuwa amemchukia jirani alikwenda mlangoni kwake kumwambia. Kukiri kwa namna hiyo kuna maneno mawili tu: "Ni mimi." Hayo ndiyo maneno mazito kuliko yote katika kinywa cha mwanadamu, kwa sababu msemaji hujitoa mwenyewe pamoja na neno lake. Mtu aliyezoea kusema "Ni mimi" katika mambo madogo, kama kikombe kilichovunjika au shilingi iliyokopwa, ndiye anayeweza kusimama siku ya jambo kubwa.

Jambo la pili ambalo Hali ya Hatari iliwafundisha wakazi wa Eastlands lilikuwa kinyume cha hilo. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi na polisi, chini ya Jenerali Sir George Erskine, waliuzingira mji wa Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil. Nyumba zilipekuliwa mtaa kwa mtaa. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nje, wakapangwa kwa safu, na watu zaidi ya 20,000 wakapelekwa kizuizini katika kambi za Langata, Mackinnon Road na Manyani. Katika ukaguzi wa siku hizo za Hali ya Hatari palikuwa na mtu ambaye Wakikuyu walimwita "gakunia", yaani kigunia. Mtu huyo alikuwa amefunikwa gunia tangu kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Watu walipitishwa mbele yake mmoja mmoja. Akitikisa kichwa kwa namna hii, mtu aliachiliwa; akitikisa kwa namna ile, mtu alichukuliwa.

Huenda wengine walioonyeshwa walikuwa wameshiriki katika mauaji. Lakini mtu asiye na hatia alipoonyeshwa hakuwa na njia ya kujitetea. Hakuweza kuuliza, "Nani anishtakiye, na kwa kosa gani?" Hakuweza kusema kwamba mshtaki wake ni adui yake wa siku nyingi, au ana deni kwake ambalo hataki kulilipa. Neno lilikuwa limetengwa na uso, na neno lililotengwa na uso halijibiki.

Sheria ya Musa ilikuwa imeliona shimo hilo miaka mingi kabla ya Kristo. Kumbukumbu la Torati, katika mlango wa 17 na wa 19, laagiza kwamba mtu asihukumiwe kwa shahidi mmoja tu. Kwamba shahidi wa uongo apatwe na adhabu ile aliyotaka mwenzake aipate. Tena kwamba katika hukumu ya kifo mkono wa shahidi uwe wa kwanza. Agizo la mwisho laonekana kali, lakini hekima yake ni kubwa. Lilimzuia mtu kuua kwa ulimi kisha kurudi nyumbani kula chakula chake kana kwamba hakuua. Kadhalika katika Matendo ya Mitume, mlango wa 25, liwali Festo, ambaye hakuwa Mkristo, aeleza kwamba Warumi hawana desturi ya kumtoa mtu kabla hajaonana uso kwa uso na wanaomshtaki. Naye Bwana Yesu, katika Mathayo mlango wa 18, aliagiza kwamba ndugu akikosewa aende kwa mkosaji wakiwa wawili peke yao, ndipo aende na mashahidi, ndipo alipeleke neno kanisani. Uso hutangulia, jina la mkosaji halipelekwi mtaani kabla halijapelekwa kwake mwenyewe.

Kusema kwa kuonyesha uso kuna gharama, na mitaa hiyo hiyo inao ushahidi. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh, Mhindi wa dini ya Singasinga na kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama mbele ya mkutano akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, akazuiliwa mpaka Oktoba 1961. Tom Mbotela, aliyepata kuwa makamu wa rais wa Kenya African Union, alikuwa mtu wa njia nyingine. Baba yake, James Mbotela wa Frere Town, ndiye aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa. Tom aliwapinga waziwazi waliotumia nguvu ya silaha, naye aliuawa Nairobi mwezi wa Novemba 1952. Mwaka uliofuata diwani Ambrose Ofafa aliuawa vilevile. Mitaa ya Mbotela na Ofafa yaitwa kwa majina yao hata leo.

Watu hawa hawakukubaliana katika siasa, wala hawakuwa wa imani moja. Msomaji aweza kumuunga mkono mmoja na kumpinga mwingine. Lakini aliyewapinga alijua ni nani amesema, na amesema nini, na wapi. Aliweza kusimama katika ukumbi uo huo akawajibu. Waliomwua Mbotela hawakumjibu. Walikuja kwa siri, wala hawakusema, "Ni sisi."

Hali ya Hatari ilikwisha mwaka 1960, na magunia yale yalitupwa. Lakini gunia la maneno halikutupwa. Baada ya matokeo ya uchaguzi wa rais kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, moto uliwaka katika Mathare, Huruma na Dandora kama ulivyowaka Kibera na Bonde la Ufa. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini. Kabla ya panga kulikuwa na maneno. Vikaratasi visivyo na sahihi viliangushwa usiku, vikiwaambia watu wa kabila fulani wahame. Habari za chuki zilipita katika simu, kila mmoja akimpelekea mwenzake, wala hapana aliyejua ya kwanza ilitoka wapi. Neno "madoadoa", ambalo mama hulitumia kwa nguo chafu, lilikuwa limegeuzwa kuwa jina la wanadamu. Ni rahisi kuliondoa doa. Kinachohitajika ni sabuni tu. Mtu akishaitwa doa, kumwondoa kwake hakuonekani tena kuwa uuaji.

Bunge liliona hatari hiyo, likapitisha sheria mwaka 2008 iliyounda Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano na kufanya maneno ya chuki ya kikabila kuwa kosa. Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi, Tume hiyo ilitangaza orodha ya maneno ya kuepukwa, na "madoadoa" lilikuwamo. Ni jambo jema. Walakini orodha haiwezi kumaliza kazi, kwa sababu mtu mwenye chuki akinyang'anywa neno moja hutafuta jingine kabla ya jioni. Yakobo, katika mlango wa 3 wa barua yake, afananisha ulimi na cheche ndogo iunguzayo msitu mkubwa. Mzima moto hahesabu cheche. Hutafuta mahali zinapotoka. Na mahali zinapotoka si kinywani, bali moyoni, kama Bwana mwenyewe alivyofundisha.

Katika mitaa cheche hizo hutembea kwa neno moja dogo: "wanasema". Wanasema yule dada analipiwa kodi na mume wa mwenzake. Wanasema mhasibu wa chama amekula pesa za mazishi. Wanasema watu wa ghorofa ya tatu ni wachawi, ndiyo maana mtoto hapati nafuu. Akiulizwa, "Nani wanasema?" msemaji hucheka, au hutazama kando. "Wanasema" ni gunia. Lina matundu mawili ya kutazamia, lakini halina jina. Simu nayo imeliongezea gunia hilo upana: mtu hupokea sauti ya mtu asiyemjua, hupeleka kwa watu 100, kisha hujitetea kwamba yeye ameipeleka tu kama alivyoipata. Aliyebeba petroli kutoka nyumba hii mpaka nyumba ile hawezi kusema kwamba hakuwasha moto kwa sababu kiberiti hakikuwa chake.

Huenda msomaji akauliza: Je, hakuna wakati wa haki wa kuficha uso? Mjakazi anayepigwa na mwenye nyumba, mtoto anayeharibiwa na jamaa yake, jirani aliyeona mauaji kwa macho yake, je, wasimame wote katikati ya uwanja na kutaja majina? La. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 yawalinda mashahidi walio hatarini, na ni sheria ya rehema. Lakini hata shahidi anayelindwa haongei bila uso. Humpa mtu fulani uso wake, mtu ambaye naye ana wajibu: hakimu, mpelelezi, mchungaji, mwalimu. Anaweza kuulizwa maswali, na neno lake linaweza kupimwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, humpa mshtakiwa haki ya kuupinga ushahidi ulioletwa juu yake. Kwa hiyo katika mahakama ya Makadara leo mtikiso wa kichwa kilichofunikwa gunia haumfungi mtu. Tofauti kati ya siri inayolinda na siri inayoua ni hii: siri inayolinda humficha mnyonge kwa adui yake, lakini siri inayoua humficha msemaji kwa kila mtu, hata kwa dhamiri yake mwenyewe.

Usiku ule Bwana alipokamatwa, watu wawili walipewa nafasi ya kusema wao ni akina nani. Bwana alitafutwa bustanini, na akajitambulisha mara moja, huku akiomba wanafunzi wake waachwe waende. Petro aliulizwa penye moto wa makaa, akakana mara tatu. Mathayo aongeza jambo moja ambalo mkazi wa Nairobi atalielewa upesi: waliokuwapo walimtambua Petro kwa matamshi yake ya Kigalilaya. Aliogopa kama vile watu wengi walivyoogopa mwaka 1954 na tena mwaka 2008, wakati jina au matamshi yalipotosha kumfanya mtu atolewe garini. Bwana hakumtupa kwa sababu ya woga huo. Baada ya kufufuka alimketisha tena penye moto wa makaa, akamwuliza mara tatu mbele ya wenzake kama anampenda, naye Petro akajibu mara tatu. Neno lililokuwa limeharibu kwa kuficha uso lilitengenezwa kwa neno lililosemwa uso kwa uso. Hakuna dawa nyingine.

Kwa hiyo mzazi wa Kikristo asimwite mwanawe mjinga mbele ya wageni, kisha amwambie kwa siri kwamba anampenda. Aligeuze jambo hilo, aonye kwa siri na asifu hadharani. Mwenye kusikia "wanasema" na aulize jina la msemaji, na asipolipata, neno hilo lifie kwake. Mwenye kushika simu na asipeleke mbele habari ambayo hangethubutu kuisoma kwa sauti mbele ya yule anayetajwa humo. Aliyemkosea jirani asitume mtu wa tatu kumpelekea pole, bali avuke ukumbi wa nyumba aende mwenyewe. Mhubiri naye asiwafundishe watu kutamka magari na majumba, ilhali hawajafundishwa kutamka "nimekosa".

Waswahili waliacha desturi moja iliyo shule ya mambo haya yote. Mgeni akifika mlangoni hasukumi mlango kimya kimya, wala hachungulii dirishani. Husimama nje, hupiga hodi, na akiulizwa ni nani, hutaja jina lake. Ndipo huambiwa karibu. Mtu na alifanye kila neno lake liingie kwa njia hiyo katika nyumba ya mwenzake: lipige hodi kwanza, litaje jina, na kama haliwezi kutaja jina, lirudi lilikotoka.